Jirani Asiyepata Barua

Barabara kuu namba 93 hutoka Boston kwenda kaskazini, na haifiki saa nzima kabla hujavuka mpaka na kuingia jimbo la New Hampshire. Nilifika huko mwezi Aprili, theluji ikiyeyuka na barabara zisizo na lami zikigeuka tope la kunasa magari. Watalii hawaji wakati huo. Wao huja Oktoba kutazama majani ya miti yakiwa mekundu na ya manjano, au katikati ya baridi kali ili kuteleza kwenye Milima ya White. Mimi nilikuwa nimefuata jambo ambalo hakuna kampuni ya utalii inayoliuzia tiketi: kikao cha jioni cha bodi ya mipango ya mji mdogo, pale wananchi wanapojadili nani ajenge nini, wapi na kwa masharti gani.

Kwa miaka mingi nimeandika habari za ardhi nchini Tanzania. Nimekaa kwenye mikutano ya vijiji chini ya miembe, nimesimama na familia zilizoamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani, nimewasikiliza wazee wakionyesha kwa fimbo mpaka ambao ramani ya serikali haiutambui. Malalamiko hutofautiana, lakini kauli moja haikosekani: "Sisi hatukushirikishwa." Kuna dada mmoja niliyemfahamu alipokuwa mkimbizi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambaye sasa anaishi Concord, mji mkuu wa New Hampshire. Siku moja alinisimulia kwa simu kwamba huko mtu akitaka kugeuza banda lake la ng'ombe liwe ukumbi wa harusi, majirani zake wote wa mpakani hupelekewa barua kwanza. Nikataka kwenda kuona.

Dada huyo ni mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Concord na Manchester, mji mkubwa kuliko yote jimboni, zimepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Bhutan, na Kiswahili kimepata pa kukaa katikati ya misonobari. Anafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku. Jioni ya kikao alikuwa na mapumziko, akasema atanipeleka mwenyewe. "Kaka, utachoka," alinionya tukiwa njiani. "Wale watu wanaweza kuongelea mtaro mmoja mpaka watoto walale."

Ili kuielewa bodi ile ni lazima kwanza ulielewe jimbo lenyewe. New Hampshire ina watu takribani milioni 1.4 tu, lakini imegawanyika katika manispaa 234: miji mikubwa 13, iliyobaki ni miji midogo inayojitawala kwa namna ambayo sisi tumeiona vijijini zaidi kuliko mijini. Bunge lake la wawakilishi lina wajumbe 400, na kila mmoja analipwa dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili, kiwango kilichowekwa mwaka 1889 na ambacho hakijaguswa tangu hapo. Jumanne ya pili ya Machi, wakazi wa miji mingi midogo hukusanyika kwenye mkutano mkuu wa mji au kupiga kura kuhusu bajeti, viongozi na kanuni zao wenyewe. Lakini lililo zito kuliko yote ni hili: jimbo halikati kodi ya mishahara wala halitozi kodi ya jumla ya mauzo. Mzigo wa shule, barabara na zimamoto umebebwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo na ardhi. Kwa hiyo kila nyumba mpya inapoombewa kibali, watu hupiga hesabu kimoyomoyo: italeta kodi kiasi gani, na italeta watoto wangapi shuleni?

Mji tuliokwenda sitautaja, kwa sababu waliozungumza usiku ule ni watu binafsi na walikuwa wakizungumzia mali zao. Sura yake inafanana na ya miji mingi ya huko. Kuna kanisa jeupe la mbao lenye mnara mwembamba, duka moja linalouza kila kitu pamoja na petroli, makaburi ya karne ya 18, na ukumbi wa mji uliojengwa kwa mbao. Nje ya hapo ni msitu. Ukiutazama vizuri unaona kuta za mawe makavu, zimepangwa bila saruji, zinapanda vilima na kushuka mabondeni katikati ya miti isiyo na kitu cha kuzungushiwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 eneo hili lilikuwa malisho ya kondoo na misitu yake ilikuwa imefyekwa. Baadaye wakulima wakahamia nchi tambarare za magharibi, watoto wao wakaenda kwenye viwanda vya nguo vya Manchester, na miti ikarudi yenyewe. Leo takribani asilimia 80 ya jimbo ni msitu. Kuta zilibaki, na hati nyingi za viwanja bado zinazitaja kama mpaka.

Saa moja jioni mwenyekiti alifungua kikao. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kupanga watoto mstari. Meza ndefu ilikaliwa na watu saba. Sheria ya jimbo inaruhusu miji midogo kuwa na bodi ya wajumbe watano au saba, wanaokaa kwa kipindi cha miaka mitatu. Wengine huchaguliwa kwa kura, wengine huteuliwa, na mmoja hutoka kwenye baraza linaloongoza mji. Pale palikuwa na fundi bomba, mpima ardhi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mhasibu, na mama mmoja anayefuga nyuki. Pembeni walikaa wajumbe wa akiba wawili. Hawalipwi. Hakuna posho ya kikao, bahasha wala soda. Kulikuwa na birika la kahawa na biskuti alizooka mmoja wao.

Kabla ya ombi lolote kusikilizwa, karani alisoma orodha ya waliopelekewa barua. Huo ndio utaratibu uliokuwa umenivuta kutoka Dar es Salaam. Kila mwenye ardhi inayopakana na eneo linaloombewa, pamoja na aliye ng'ambo ya barabara au ya kijito, lazima atumiwe taarifa kwa posta inayothibitishwa angalau siku kumi kabla ya kikao, na anayelipia ni mwombaji. Taarifa hubandikwa pia hadharani. Jirani mmoja akisahaulika, uamuzi wote unaweza kubatilishwa mahakamani. Ombi likishakubaliwa kuwa limekamilika, bodi ina siku 65 za kuamua. Ikikataa, lazima iandike sababu. Kumbukumbu za kikao zinatakiwa ziwe tayari kwa mtu yeyote ndani ya siku tano za kazi, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kwenda mbele.

Ombi la kwanza lilikuwa la ndugu wawili waliotaka kubadilishana ukanda mwembamba wa ardhi ili mmoja apate njia ya kufikia kisima chake. Ramani ikawekwa mezani, mpima ardhi akauliza swali kuhusu nondo ya mpaka kwenye kona ya mashariki, mwenyekiti akauliza kama kuna jirani mwenye neno, hakukuwa na neno. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, mikono ikanyooshwa. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakipelekana hadi Mahakama ya Rufani kwa ukanda mfupi kuliko huo.

La pili lilikuwa ndilo lile la banda la harusi. Mwenye shamba, mzee aliyevaa suruali ya kazi na shati lililopigwa pasi kwa ajili ya usiku ule, alieleza kwamba maziwa hayalipi tena. Banda lake ni la mbao nzito za karne ya 19, na vijana wa Boston wako tayari kulipa fedha nyingi kuoana ndani yake. Alitaka kibali cha harusi za Jumamosi, Mei hadi Oktoba.

Hapo mfuga nyuki akanyanyuka. Akasema mizinga yake imo kwenye shamba la mwombaji, hivyo si sawa kwake kukaa kwenye meza. Akaenda kuketi nasi kwenye viti vya wananchi, na mjumbe wa akiba akashika nafasi yake. Hakuna aliyemshinikiza, wala hakuna aliyeshangaa. Nikamkumbuka mjumbe wa kamati moja ya viwanja nyumbani aliyewahi kuniambia kwa kujiamini kabisa kwamba kumgawia shemeji yake kiwanja kulikuwa kuzuri, kwa kuwa "namfahamu, ni mtu wa maendeleo."

Maswali yakaanza. Karo la maji taka lilijengwa kwa familia ya watu sita. Wageni 150 watajisaidia wapi? Magari yataegeshwa kwenye shamba la nyasi, na mvua ikinyesha? Barabara ni ya changarawe, haina taa. Nani atasimamia wageni walioshiba mvinyo saa tano usiku? Mkuu wa zimamoto, ambaye naye anajitolea, alitaka milango miwili zaidi na njia ambayo gari lake linaweza kugeuza. Kisha akasimama mama mmoja jirani aliyekuja na barua yake mkononi. Anafuga farasi. Hakupinga harusi, alisema, ila farasi wake hawavumilii besi za muziki, na yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mwenye shamba akamjibu kwamba yuko tayari muziki wa nje uzimwe saa tatu usiku.

Dada yangu wa Uvira alijiziba mdomo. "Saa tatu?" alininong'oneza. "Kwetu saa tatu bibi harusi bado yuko saluni."

Bodi haikuamua usiku ule. Waliahirisha hadi kikao kijacho, wakataka mchoro unaoonyesha maegesho na barua ya mhandisi kuhusu maji taka. Lakini nilichokiona kilinitosha. Mzee aliingia na ndoto, jirani akaingia na hofu, wakatoka na orodha ya mambo ya kurekebisha. Mlangoni walisalimiana.

Ombi la tatu ndilo lililojaza ukumbi. Mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba 12 za kupangisha, zikae kwa makundi kwenye kona ya ardhi ya ekari 30 hivi, sehemu iliyobaki iachwe msitu. Kanuni za mji zinadai ekari mbili kwa kila nyumba katika sehemu hiyo, lakini zina kifungu kinachoruhusu nyumba kusogezwa pamoja iwapo ardhi kubwa itahifadhiwa. Mhandisi wa mjenzi alitandaza michoro: barabara ya ndani, mabwawa ya kupokea maji ya mvua, visima, mfumo wa maji taka wa pamoja.

Wananchi walipewa nafasi mmoja mmoja, kwa majina na anwani. Walio wengi walikuwa na mvi. Mmoja alihofia kisima chake kukauka. Mwingine alihesabu magari yatakayopita mbele ya nyumba yake asubuhi. Wa tatu alizungumzia sura ya mji, kwamba watu walihamia pale kwa ajili ya utulivu. Wa nne alilisema lile ambalo wengine walilizunguka: shule ina watoto wa kutosha, na kodi yake imepanda mno. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, kisha akawakumbusha kwamba bodi haiulizwi kama inapenda nyumba hizo au watakaokaa humo. Inaulizwa kama mchoro unatimiza kanuni zilizopitishwa na mji wenyewe kwa kura.

Karibu na mwisho alisimama kijana seremala. Amezaliwa pale, alisema, baba yake alisaidia kuezeka paa la ukumbi tuliokaa. Analala kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake kwa kuwa hakuna cha kupanga mji mzima, na nyumba za kununua zimemshinda bei. "Mnazungumza kuhusu watu watakaokuja," alisema. "Mimi nipo hapa tayari." Akaketi. Ukumbi haukupiga makofi wala kuzomea. Likaitwa jina linalofuata.

Kauli ya kijana yule ina historia ndefu nyuma yake. Kugawa miji ya Marekani katika kanda za matumizi kulianza kushika kasi baada ya New York kupitisha kanuni zake mwaka 1916, majengo marefu yalipoanza kuzuia jua mitaani. Miji mingine ilikwisha kuona silaha ndani yake: Louisville, Kentucky, ilikuwa imekataza watu weusi kuhamia na kuishi katika mitaa yenye wazungu wengi, na weupe katika mitaa ya weusi, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoibatilisha sheria hiyo mwaka 1917. Mwaka 1926 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ilikubali kwamba mji una mamlaka ya kutenganisha viwanda, biashara na makazi. Katika hukumu hiyo jengo la kupangisha liliwekwa miongoni mwa vitu vinavyoharibu mtaa wa nyumba za familia moja. Kilichokatazwa mlangoni kwa rangi kikapata dirisha la kupitia: dai ukubwa wa kiwanja, kataza nyumba za kupangisha, na masikini watachujwa bila kutajwa.

New Hampshire yenyewe ilisimamishwa kizimbani kwa jambo hilo. Mwaka 1991, katika kesi ya Britton dhidi ya mji wa Chester, mahakama ya juu ya jimbo ilisema mji hauwezi kujifungia kama kisiwa. Mamlaka ya kupanga ardhi ni kwa ustawi wa wote, na wote hao ni pamoja na watu wa eneo zima wanaohitaji makazi, hata wasio wakazi wa mji huo. Mwaka 2008 bunge likageuza msimamo huo kuwa sheria inayoitaka kila manispaa yenye kanuni za kanda itoe nafasi ya kweli kwa nyumba ambazo wafanyakazi wa kawaida wanazimudu. Tangu Juni 2017 mwenye nyumba ya familia moja ana haki ya kuongeza makazi madogo ya ziada, kwa masharti. Tangu 2021 iko pia bodi ya rufaa ya jimbo inayoshughulikia mashauri ya makazi pekee, kwa wanaoona kwamba mji umewanyima kibali bila haki. Hayo yote yalikuwa ndani ya ukumbi ule, ingawa hakuna aliyeyataja isipokuwa wakili wa mjenzi, kwa sentensi moja ya adabu iliyofanya wajumbe wawili waandike kitu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kuliona eneo lenyewe. Huo nao ni mkutano halali: unatangazwa, mwananchi yeyote anaruhusiwa, kumbukumbu zinaandikwa, ila kura haipigwi msituni. Tulivaa mabuti ya mpira. Mpima ardhi alitangulia na ramani iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Vijiti vyenye utepe wa rangi ya machungwa vilionyesha barabara itakapopita, na vya rangi nyingine vikazunguka ardhi oevu. Tulifika kwenye dimbwi la maji ya theluji, na mtaalamu wa mazingira akatuinamisha tuone mayai ya vyura yameshikamana na tawi. Dimbwi la namna hiyo hukauka kiangazi, kwa hiyo halina samaki wa kula mayai. Ukilifukia umefuta kizazi cha vyura wa msitu mzima. Barabara ikasogezwa kwenye ramani palepale, kwa penseli.

Jirani aliyehofia kisima chake alikuwapo. Katika sehemu kubwa ya miji hii hakuna bomba la mamlaka ya maji; kila nyumba ina kisima chake na karo lake, na kanuni zinataka vitenganishwe, kwa kawaida futi 75 au zaidi. Ndiyo maana sharti la ekari mbili lina hoja ya kweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kujua hoja ya maji inaishia wapi na hoja ya watu inaanzia wapi. Mhandisi alimwonyesha jirani miamba, mteremko, na mahali visima vitakapochimbwa. Mzee hakuridhika, lakini maswali yake yalibadilika. Kule ukumbini aliuliza kwa nini hapa. Msituni aliuliza ni galoni ngapi kwa siku. Mwenyekiti akamwahidi kwamba mji utaajiri mtaalamu wake wa maji ya ardhini kuipitia ripoti hiyo, kwa gharama ya mjenzi, kama sheria inavyoruhusu.

Tulirudi tukiambaa na ukuta wa mawe. Mpima ardhi alinisimulia kwamba sheria ya zamani ya jimbo bado inawataka viongozi wa miji jirani wautembelee mpaka wao kwa miguu kila baada ya miaka saba na kuweka upya alama zake. Nilimwambia kwamba kwetu kuna wilaya zingeokoa kesi nyingi kwa matembezi hayo.

Jumapili dada yangu alipika sombe na ugali, akaalika wenzake wa kanisani. Watu kama kumi walijazana sebuleni kwenye nyumba ya kupanga huko Concord: wauguzi wasaidizi, dereva wa lori, kijana wa kiwanda cha kufungasha nyama. Niliwaeleza kwa shauku juu ya barua, juu ya mfuga nyuki aliyejitoa, juu ya ramani iliyobadilishwa kwa penseli. Walisikiliza kwa heshima. Kisha mzee mmoja kutoka Fizi akauliza, "Wewe ndugu, katika wale waliokaa pale, wangapi walikuwa wapangaji?"

Dada yangu ndiye aliyejibu. "Barua inakwenda kwa mwenye nyumba. Sisi ni wapangaji, haitufikii. Na hata ingetufikia, saa moja jioni mimi ndiyo naingia zamu." Wanafunga safari ya nusu saa kila siku kwenda kulea wazee katika miji ambayo hawawezi kupata chumba, akaongeza. Wazee wa ukumbi ule watakapougua, watakaowaosha na kuwalisha ni watu wa sebule hii.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nimewaona wazee wakiongoza kikao kwa haki kuliko vikao vingi nilivyohudhuria maishani, na sibadilishi kauli hiyo. Lakini utaratibu wao unamsikiliza yule tu ambaye tayari ana kipande chake. Mwenye farasi ana barua, mwenye kisima ana barua. Muuguzi wa Uvira, na seremala mwenyeji asiye na kiwanja, wanategemea kwamba mmoja wa wale saba atawakumbuka wakati wa kunyoosha mkono. Mahakama na bunge la jimbo vimelazimika kuingilia kati mara kwa mara kwa sababu hiyo, na wakazi wa miji midogo wanalalamika kwamba mamlaka yao yanamegwa. Yanamegwa kweli. Waliyatumia kufunga mlango, na aliye nje alikuwa na haki ya kubisha kwa hakimu.

Nyumbani ugonjwa wetu ni mwingine, na sitaki msomaji afikiri kwamba sheria hatuna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji neno la mwisho kijijini kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, mwenye shamba na asiye nalo, mjane na kijana. Kwa karatasi, mlango wetu ni mpana kuliko ule wa New Hampshire. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2019, inataka ombi la kubadilisha matumizi litangazwe ili wananchi wapinge au waunge mkono. Kinachotukwamisha ni tangazo kubandikwa baada ya uamuzi kufanyika, ramani kufungiwa kabatini, mjumbe kukaa mezani wakati shemeji yake anagawiwa, na sisi wenyewe kutokwenda mkutanoni hadi siku ya greda.

Kumbukumbu za kikao kilichofuata nilizisoma nikiwa Dar es Salaam, kwenye tovuti ya mji ule, bila kuomba ruhusa ya mtu. Banda la harusi lilipita kwa masharti, muziki wa nje mwisho saa tatu usiku. Uamuzi wa nyumba 12 ulisogezwa mbele kusubiri ripoti ya maji.

Basi nikuombe jambo, msomaji. Mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa kuhusu ardhi, nenda, hata kama kiwanja kinachozungumzwa si chako. Omba kuiona ramani. Uliza nani kwenye meza ana maslahi. Dai sababu za uamuzi kwa maandishi. Na kabla hujanyoosha mkono kupinga nyumba za watu usiowajua, uliza kama kuna mtu amewaita nao waje waseme.